Msiba Usioimbwa Hauishi

Askari anayepangiwa zamu katika ufuko wa Minago, kwenye barabara itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge, hufundishwa kuzitambua sauti nyingi za usiku. Huujua mlio wa mashua ya wavuvi wa dagaa na ule wa chombo cha magendo. Huujua mlio wa risasi na ule wa mwanzi upasukao motoni. Lakini iko sauti moja ambayo aghalabu hafundishwi kuitambua, nayo ni sauti ya watu waimbao. Je, wanalia? Wanapatana? Ama wanachocheana? Twaandika leo juu ya jambo hilo kwa sababu twaamini kwamba askari asiyeweza kutofautisha kilio na wito wa vita aweza, kwa amri moja ya haraka, kuivunja amani ambayo yeye mwenyewe amewekwa kuilinda.

Hatuzungumzii mashairi ya vitabuni peke yake. Kabla kalamu haijafika, Warundi walikuwa na ushairi kwa kila shughuli ya maisha. Mchungaji aliwaghania ng'ombe wake sifa zao. Shujaa alijitungia amazina, yaani majigambo ya kutaja vita alivyopigana. Mama alimbembeleza mwanawe kwa nyimbo ziitwazo ibihozo. Wachezaji walipokezana imvyino, mmoja akiongoza na umati ukiitikia. Naye mpiga inanga alisimulia habari za kale kwa sauti ya kunong'ona, nyuzi zikimsaidia kupandisha na kushusha maneno. Mwaka 1973 mtafiti F. M. Rodegem alichapisha huko Paris sehemu ya hazina hiyo katika kitabu kiitwacho Anthologie rundi. Sehemu kubwa zaidi, hata hivyo, ilibaki vinywani mwa wenyewe, na wengi wa wenyewe hao wamekwisha kufa.

Mtu akiuliza ushauri huu una uhusiano gani na amani, atazame namna ulivyofunzwa. Mwaka 1964 mwanazuoni Mmarekani Ethel Albert alichapisha makala juu ya ufasaha wa kusema katika Burundi, kutokana na utafiti alioufanya hapa nchini katika miaka ya 1950. Alieleza kwamba kijana wa ukoo wenye hadhi alianza kufunzwa kusema tangu umri wa miaka kama 10. Alijifunza kutunga hotuba ya papo kwa papo, kumwomba mkubwa zawadi, kutunga amazina, kuigeuza hasira ya aliyemkasirikia, kusema maneno yafaayo penye msiba, na kutoa hukumu penye ugomvi. Tuutazame mpango huo kwa makini. Sifa, maombolezo na hukumu vilifunzwa katika chuo kimoja, kwa kinywa kimoja. Kama vile kuruta anavyofungua na kufunga bunduki yake mara mia mpaka mikono ifanye kazi hiyo gizani bila kutatizika, ndivyo kijana yule alivyozoezwa maneno mpaka, siku ya hatari, neno la busara limtoke kabla ya tusi.

Wala hatusemi kwamba mambo yote ya kale yalikuwa mema. Mafunzo hayo yalikuwa ya wanaume, tena wa koo zenye cheo. Mkulima mnyonge alitarajiwa kunyenyekea mbele ya mkubwa wake, na mwanamke kunyamaza mbele ya wageni. Ufasaha uliweza kumpatanisha mtu na mwenziwe, na uliweza pia kumdumisha mnyonge katika unyonge wake. Tunachopaswa kurithi ni ufundi wenyewe. Ubaguzi ule tuuache kaburini.

Mahali ambapo ufundi huo ulizaa matunda ya wazi kuliko kwingine ni katika baraza la Bashingantahe. Wazee hao waliapishwa hadharani, wakapewa fimbo iitwayo intahe, na kazi yao ilikuwa kusuluhisha. Kila upande ulisema ukasikilizwa hadi mwisho. Wazee walijibu kwa methali na kwa maneno yaliyopimwa, fimbo ikigonga ardhi. Methali ilikuwa na kazi maalumu: ilimwonya mkosaji bila kumtaja jina, na kwa hiyo ilimwachia njia ya kurudi katikati ya wenzake bila kuvunjiwa heshima. Baraza hilo lilidhoofika sana katika miaka baada ya uhuru, lakini Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyosimamiwa kwanza na Mwalimu Julius Nyerere na baada ya kifo chake na Mzee Nelson Mandela, yalitaka lipewe uhai tena. Watu waliokutana Arusha walikuwa wametoka katika vita. Hawakuwa na wasaa wa kutamani mambo ya kale kwa ajili ya urembo. Walitambua kwamba nchi inayoacha kusema kwa adabu haichelewi kusema kwa panga.

Tuje sasa kwenye ufuko wenyewe, maana hapa ndipo jambo hili linapouma. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua viongozi na raia, wengi wao Watutsi. Kisha yakafuata mauaji makubwa zaidi, yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa, ya Wahutu, hasa wasomi, walimu, wanafunzi, makarani na askari. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Kati ya waliotekeleza mauaji hayo walikuwamo watu waliovaa sare ya serikali. Sisi wenye sare leo hatuna budi kulisema hilo bila kupepesa macho. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza mbele ya Bunge kwamba mauaji yale yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Baadaye, kuanzia Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, familia nyingi za Watutsi ziliteketezwa vilimani, Wahutu wengi wakauawa katika ulipizaji kisasi, na vita vilivyofuata vikachukua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Hakuna kilima kisicho na wafu wake.

Lakini wafu wa 1972 walinyimwa kitu ambacho hata adui hupewa. Walinyimwa matanga. Aliyechukuliwa aliitwa mmenja, yaani msaliti, na ndugu zake hawakuthubutu kumlilia hadharani, kwa maana aliyemlilia msaliti aliweza kuhesabiwa pamoja naye. Kila mwenye kujua mila za nchi hii aelewa uzito wa adhabu hiyo. Kwa Warundi msiba una mwanzo, una siku zake, na una mwisho uitwao kuganduka, siku ambayo jamaa hukusanyika, maneno yakasemwa juu ya marehemu, madeni na wosia vikatajwa, na waliofiwa wakaruhusiwa kurudi kwenye maisha. Ndiyo siku ambayo Waswahili wa mwambao huiita kuondoa matanga. Familia ambayo haikuweka matanga haiwezi kuyaondoa. Imebaki msibani miaka zaidi ya 50, na watoto waliozaliwa humo wamerithi kilio wasichojua kilianza lini.

Hapa ndipo mbolezi inapofanya kazi ambayo amri na hotuba haziwezi. Katika mbolezi mmoja hutaja jina la aliyekufa, sifa zake, mahali alipolima, watoto aliowaacha, wengine huitikia. Anayelia hulia akiwa amezungukwa. Maneno yana mpangilio, na mpangilio huo humshika mkono aliyefiwa asizame. Tena jina lililotajwa mbele ya watu wote si jina la msaliti tena. Limekuwa jina la baba wa fulani. Kwa hiyo, wakati Tume ilipofukua makaburi ya halaiki, kama yale ya Karusi ambako Februari 2020 ilitangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, kazi haikuwa ya sepetu peke yake. Sepetu huonyesha mifupa. Ni maneno ya wafiwa yanayoirudisha mifupa hiyo kuwa watu.

Hatuwezi kutaja jambo hili bila kumkumbuka Padre Michel Kayoya. Alikuwa mshairi, na katika kitabu chake cha mwaka 1968, Sur les traces de mon père, aliutafuta utu wa Mrundi katika nyayo za baba yake. Mei 1972 aliuawa huko Gitega. Wanaomkumbuka husimulia kwamba alipopelekwa kuuawa alikwenda akiimba. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini lilifungua rasmi shauri la kumtangaza kuwa mwenye heri, pamoja na mashahidi wengine wa udugu, wakiwamo wamisionari waliouawa Buyengero, katika vilima vya huku huku Rumonge, mwaka 1995. Mtu ambaye angeweza kuwatungia wafu wa 1972 mbolezi yao alitupwa kaburini pamoja nao. Hasara ya namna hiyo hailipwi kwa mwaka mmoja.

Ufuko wa ziwa una jambo lake jingine la pekee, nalo ni lugha. Waliokimbia 1972 wengi walivuka kwenda Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao, lakini makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha kurudi, na wengi walirudi kwenye tarafa za michikichi za Rumonge na Nyanza-Lac. Walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamepewa na serikali za zamani kwa karatasi. Watoto wa waliorudi walisema na kuimba kwa Kiswahili. Majirani zao waliimba kwa Kirundi. Askari polisi wanaijua vizuri kesi ya namna hiyo: pande mbili, karatasi mbili, mihogo iliyong'olewa usiku, na kila upande una mzee anayeapa kwa kaburi la babaye.

Kwa watu kama hao ushairi wetu una mafunzo mawili. La kwanza linatoka ng'ambo ya Kigoma. Marehemu Mathias Mnyampala, malenga wa Dodoma, aliasisi ngonjera, ushairi wa kujibizana ambamo watu wawili wasiokubaliana hushindana kwa hoja hadi wanapoafikiana. Ngonjera za UKUTA zilichapishwa kuanzia mwaka 1970, baada ya kifo chake, na wengi wa waliokulia Tanzania walizighani shuleni. Faida yake ni kwamba humlazimu kila mmoja kusubiri zamu yake na kujibu hoja aliyopewa, si ile aliyokuja nayo nyumbani. Upungufu wake ni kwamba katika ngonjera za shuleni mshindi hujulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Mapatano ya kweli hayawi hivyo. Mpatanishi anayejua tayari nani atashinda ni mwakilishi wa upande mmoja.

Funzo la pili linatoka kwa mama zetu wa Kirundi. Wanapoonana, na hasa wanapoonana baada ya kitambo, wanawake huimbiana salamu iitwayo akazehe. Mmoja huongoza kwa maneno marefu ya kuulizana hali na kutakiana heri. Mwingine huingiza jibu lake fupi katika nafasi zilizoachwa, sauti zikafumana kama ukindu katika mkeka. Salamu hiyo haiimbwi na mtu mmoja. Mwongozaji asipoacha nafasi, mwitikiaji hana pa kuingia. Mwitikiaji akinyamaza, wimbo unakufa. Hatujapata kuona maelezo mafupi na kamili zaidi ya maridhiano kuliko hayo, nayo hayakutungwa na mwanasiasa yeyote.

Njia hii imekwisha kujaribiwa hata kwa vyombo vya kisasa. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, ilianzishwa Bujumbura Studio Ijambo, na neno ijambo kwa Kirundi ni neno lenyewe lisemwalo. Kuanzia mwaka 1997 ilitangaza mchezo wa redio wa Umubanyi niwe muryango, maana yake jirani ndiye jamaa, uliotungwa na mwandishi Marie-Louise Sibazuri, juu ya nyumba mbili za Wahutu na Watutsi zinazopakana. Wasikilizaji waliosikia milio ya bunduki nje waliwasikia pia redioni majirani wakigombana, wakaoneana haya, wakasaidiana.

Yatupasa, hata hivyo, kusema upande wa pili bila kuficha, kwa maana tunaowaandikia ni watu wa silaha, na wao wajua kwamba chombo chenye makali hukata pande zote. Katika nchi jirani ya Rwanda mwimbaji Simon Bikindi alipendwa na umati, na nyimbo zake zilitumiwa katika kampeni ya chuki dhidi ya Watutsi. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Tunawaomba maofisa wausome uamuzi huo kwa makini: alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu waue. Mahakama ilikubali kwamba baadhi ya nyimbo zake zilitungwa kueneza uadui. Haikumtia hatiani kwa nyimbo hizo kama uchochezi wa moja kwa moja. Hakimu aliupima wimbo na wito wa kuua kwa mizani mbili tofauti. Polisi wa doria hana mizani hiyo mkononi, lakini yampasa ajue kwamba ipo.

Wengi kati ya askari wetu wameijua nchi nyingine ya washairi. Kuanzia Desemba 2007, na kwa miaka zaidi ya 15, vikosi vya Burundi vilitumikia Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Kwa Wasomali shairi la gabay ni hoja ya kisiasa, na huhifadhiwa kwa moyo kama hati. Uko mfululizo maarufu wa mashairi ya kujibizana uitwao Guba, maana yake kinachounguza, uliotonesha vidonda vya koo zilizokuwa zimekwisha kupigana. Na yuko Salaan Carrabey, mshairi anayekumbukwa kwa shairi la kuzisihi koo mbili za jamaa moja ziache vita. Ala ni ile ile, lugha ni ile ile. Tofauti imo katika nia ya mtunzi na katika swali analowaachia wasikilizaji.

Huko Somalia askari wetu walipata pia msiba wao wenyewe. Leego mwezi Juni 2015, na El Baraf mwezi Mei 2022, kambi za Warundi zilivamiwa na Al-Shabaab na vijana wengi wakapoteza maisha. Waliorudi walirudi na majina ya wenzao vifuani. Wako wanaodhani kwamba askari hodari halii. Mababu zao hawakudhani hivyo: shujaa aliyeghani amazina alitaja pia hatari aliyopita, mbele ya watu, na kwa kuitaja akaishusha begani. Askari anayenyimwa nafasi ya kusema msiba wake huusema kwa ulevi, au kwa mkono mzito juu ya mkewe, au kwa kitako cha bunduki juu ya raia asiye na kosa.

Wako watakaotujibu kwamba wimbo haurudishi shamba, na kwamba mnyang'anyi aweza kuimba vizuri kuliko aliyenyang'anywa. Wasema kweli. Shairi haliwi mahali pa mahakama, wala mbolezi haiwi mahali pa ushahidi. Iwapo watu wataimbishwa ili wasidai haki yao, wimbo huo utakuwa kitambaa cha kuziba kinywa. Tunachosema ni kwamba hukumu iliyotolewa kwa watu wasiowahi kusikilizana hudumu mpaka hakimu ageuze mgongo. Haki huandaa njia, lakini watu ndio wanaopaswa kuipita, na hawaipiti kimya kimya.

Basi twapendekeza mambo manne, yote yakiwa katika uwezo wa askari wa kawaida. Kwanza, asiutawanye mkusanyiko wa watu waimbao kabla ya kumwuliza mzee wa mahali pale ni wimbo gani na una shughuli gani. Dakika 10 za kuuliza ni nafuu kuliko miaka 10 ya kinyongo. Pili, asikiapo maneno ya kulitaja kabila au kundi kuwa ni la kuuawa, la kubakwa au la kufukuzwa, asilipige kundi zima. Ayaandike maneno hayo kama yalivyosemwa, kwa lugha yake, amtambue aliyeyasema na mashahidi, kisha sheria ifuate, awe nani na wa chama gani. Tatu, makamanda wazichunguze nyimbo za mchakamchaka katika kambi zao. Jeshi lililoundwa upya mwaka 2004 kwa kuwachanganya waliokuwa wakipigana halina nafasi ya wimbo hata mmoja unaomdhihaki raia au mwenzi wa safu. Nne, siku ya kumbukumbu au ya kufukua kaburi, askari asimame kwa heshima, silaha begani, mbali kiasi cha kutosha kuwalinda wafiwa bila kuwatisha.

Huenda katika ufuko wa Minago, chini ya michikichi, siku moja familia zilizosubiri tangu 1972 zitakusanyika kutaja majina ya wao. Watataja kwa Kirundi, watataja kwa Kiswahili, na huenda watataja mambo yatakayowachoma wenye sare. Siku hiyo kazi ya askari itakuwa nyepesi kwa mwili na nzito kwa moyo: kuhakikisha kwamba hakuna anayewakatiza hadi jina la mwisho litakapoitikiwa.